Kizibo cha Soda Juu ya Valvu

Tulikuwa Awasi tunangoja matatu ya Kisumu, lori la miwa likasimama mbele yetu. "Baba, hizo mishale za njano kwa magurudumu ni za nini?" Binti yangu, mnamjua kwa maswali. Nikamwambia zinaonyesha nati ikianza kuzunguka: ncha zikiacha kuelekeana, dereva achukue spana. Akaridhika. Mimi nikabaki na kiwanda cha sukari kichwani.

Ni ile kazi ya valvu ya kupunguza presha ya mvuke. Matengenezo ya mwaka yanaisha, matrekta ya miwa yamepanga foleni getini, injinia anataka mvuke. Posishona mpya tulikuwa tumeshaifunga kwa brakiti, yaani kishikizo, ya bati iliyokatwa karakana. Kwa wasio wa kazi hii: posishona hupokea ishara ya umeme ya miliampea 4 hadi 20 kutoka chumba cha kontroli, husoma shina la valvu liko wapi kupitia mkono mdogo, kisha husukuma hewa mpaka shina lifike lilikoagizwa. Mkono huo ukilegea, posishona inadanganywa, na valvu haitulii.

Mvuke wa majaribio ukafunguliwa. Mzee wa Butere, fundi wetu mkongwe, akaokota kizibo cha soda, akakijaza maji, akakiweka juu ya kichwa cha valvu. Maji yakafanya viduara vidogo vidogo, basi. Akakihamishia juu ya posishona. Hapo maji yaliruka, yakamwagika, na kizibo chenyewe kikatambaa hadi ukingoni kikaanguka.

"Injinia, hii chuma inatetemeka tu. Hii bati ndiyo inacheza densi."

Injinia akaangalia saa. Mzee akaenda zake kukata chuma nene cha pembe, akakichomelea ubavu wa kukikaza, akakifunga kwa nati mbili mbili. Mimi nilikuwa na springi washa mfukoni, zile pete za chuma za kuzuia nati isilegee, kama tulivyofundishwa chuo; akanirudishia. "Kijana wangu, hizo ni za kujifariji." Tukatuma miliampea 12, valvu ikasimama nusu ya safari yake, akahakikisha mkono umekaa mraba na shina. Mwisho akapiga mstari wa rangi kutoka kila nati hadi kwenye brakiti. Kizibo kikarudishwa: viduara tu.

Usiku huo tukasikia mluzi wa hewa. Bomba la shaba lililonyooka kutoka regulata ya hewa hadi posishona lilikuwa limepasuka kwenye kiungio. Hewa ikapotea, springi ikafunga valvu kama ilivyoundwa, juisi ya miwa ikaanza kupoa. Tukaweka hozi inayopinda, tukaiachia ulegevu, mvuke ukarudi.

Ndipo mabishano yakaanza. Injinia akadai ugumu wa brakiti ndio uliopeleka mtetemo kwenye bomba. Mzee akawasha tochi, akamulika nati moja baada ya nyingine. "Nionyeshe mstari uliokatika." Hakukuwa na hata mmoja. Lakini hilo silo aliloulizwa, na nadhani alijua. Binafsi naona ile bati ingelikata bomba mapema zaidi, ila hakuna aliyekuwa na hamu ya kuirudisha tupime.

Kwenye kadi ya kazi niliandika: bomba limebadilishwa. Injinia akasaini bila kusoma, Mzee akadai saa zake za ziada.