Nilivyoficha mabomba na mita ya gesi ndani ya nyumba

Aliyeingia kwetu alipokelewa na mita ya gesi kwanza, sisi baadaye. Imefungwa kwenye korido, usawa wa kifua, na kutoka hapo bomba la manjano linapanda hadi karibu na dari, linakata kona, linapita juu ya mlango wa jikoni na kushuka nyuma ya jiko. Nyumba tuliikuta hivyo. Tulibadilisha rangi, tukabadilisha mapazia, lakini macho ya wageni yaliishia palepale.

Seremala alikuwa na jibu la haraka: tuchimbe ukuta, bomba lilale ndani, tupige plasta, yaishe. Kabla patasi haijagusa ukuta nikamwita fundi wa gesi, naye akakataa papo hapo. Bomba linaweza kupita ukutani, alisema, ila liwe limeandaliwa kwa kazi hiyo: limekingwa lisiliwe na saruji, na lisiwe na maungio mahali pasipofikika. Letu lina maungio kila kona. Ungio likivuja nyuma ya plasta, gesi hujitafutia njia kwenye nafasi za ndani ya ukuta na kuibukia chumba kingine kabisa, hata ukisikia harufu hujui uanzie wapi.

"Dada, wewe lifiche macho tu," akaniambia. "Mkono na hewa viache vifike."

Basi tukaanza na kabati la mita, na hapo ndipo kulikuwa na kazi. Gesi yetu ya bomba ni methani kwa sehemu kubwa, nyepesi kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hupanda. (Ya mitungi ni kinyume chake: ni nzito, huteremka na kutuama sakafuni, hivyo anayeitumia asisahau matundu ya chini.) Methani huweza kulipuka ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa iliyopo. Uvujaji mdogo kwenye korido nzima huweza kutawanyika bila kufika huko. Ndani ya sanduku lililozibwa, uvujaji uleule unajikusanya. Ndiyo maana nilikataa mlango wa ubao mzima, ingawa seremala alikuwa ameshanichagulia mmoja mzuri kweli, nikataka wa luva, yaani vibao vilivyoinama vyenye nafasi za hewa kati yake, kuanzia juu hadi chini. Juu na chini ya kabati tuliacha wazi, na nyuma hakuna ubao, ni ukuta wenyewe.

Jambo lililokaribia kutuponyoka ni koki. Mpini wake ukilala sambamba na bomba, gesi inapita. Ukiuzungusha robo duara ukakaa msalaba, imefungwa. Seremala alipima mita tu. Nilipouzungusha mpini mbele yake, ncha yake ilipita mstari aliouchora wa ubavu wa kabati. Tukaongeza upana wa vidole vinne upande wa kulia, ili mtu aingize mkono mzima na kufunga hata gizani bila kukwaruza vifundo. Mlango unashikwa na sumaku, hauna kufuli wala komeo. Ukisikia harufu ya gesi huna muda wa kutafuta ufunguo.

Nilitamani pia kataa kadogo ndani, kale kanakowaka mlango ukifunguliwa. Kanapendeza kwenye picha. Fundi wa gesi hakutaka hata kulijadili: swichi hutoa cheche, na cheche haina kazi pembeni ya mita. Kifaa cha intaneti nacho nilichotaka kukificha humo kikabaki sebuleni.

Bomba la juu lilikuwa rahisi. Tulining'iniza ubao mmoja mbele yake, kama boksi la pazia, juu na chini pakiwa wazi. Umeshikwa kwa skrubu, si gundi wala misumari, na kabla ya kuupandisha fundi alipaka povu la sabuni kwenye kila ungio, akasubiri kuona kama mapovu yatakua. Hayakukua. Zoezi hilo alilirudia seremala alipomaliza kugonga na kutoboa, maana ukuta ukitikiswa, maungio nayo hutikisika.

Kipande cha jikoni hatukukifunika kabisa. Nilikipiga msasa laini, nikapaka praima ya chuma, halafu rangi ileile ya ukuta. Ukisimama mlangoni hukioni. Karibu na koki fundi alizungushia utepe wa manjano, ili fundi mwingine akija siku za usoni asidhani ni bomba la maji. Mita yenyewe sikuigusa kwa brashi: ina namba zake za kusomwa, na kidhibiti cha presha kilicho pembeni yake kina kitundu cha kupumulia ambacho tone moja la rangi linaweza kukiziba. Mpira wa kwenye jiko vilevile niliuacha ulivyo, kwa sababu rangi huficha nyufa na hufuta tarehe iliyochapwa juu yake.

Sasa ugomvi uliobaki ni wa nafasi. Kila anayeliona kabati hilo anaona pa kuweka kitu: fagio, viatu, kopo la thina lililobaki kwenye kazi hiyohiyo. Thina niliitoa siku ileile. Fagio bado tunavutana.