Neno la siri la nyuma ya kalenda

Neno letu la siri la barua pepe lilianza kuwa Lamu2019, na kila Januari tuliligeuza mwaka, basi. Liliandikwa kwenye kikaratasi nyuma ya kalenda ya mapokezi, na tuliolijua tulikuwa watano: mimi, shangazi mwenye nyumba ya wageni, vijana wawili wa zamu, na mmoja aliyekwisha acha kazi akahamia Mombasa. Tukijiona wajanja kwa kule kubadilisha. Kumbe tangu 2017 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilikwisha acha kushauri watu wabadilishe kila baada ya muda, maana wengi hufanya kama sisi: hugusa tarakimu ya mwisho tu.

Siku moja mgeni kutoka Ujerumani alishuka boti, akafuata vichochoro hadi kwetu mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, risiti mkononi. Alishalipa siku sita, kwenye akaunti ya benki tusiyoijua. Barua pepe iliyompa akaunti hiyo ilitoka kwetu, kwetu hasa, na jina langu chini. Shangazi akampa chumba bila neno, ila jicho alilonitupia mimi nalikumbuka mpaka leo.

Usiku nilipanda darini na kompyuta. Kijana wa zamu alikiri kwamba wiki mbili nyuma alipata ujumbe wa "thibitisha akaunti yako", akaufungua, akaandika neno la siri kwenye ukurasa uliofanana na wenyewe kama pacha. Nikaingia kwenye mipangilio, na huko ndiko nilikoishiwa nguvu. Mwizi alitega kichujio: kila barua yenye neno "malipo" ipelekwe kwake, kisha kwetu ifutwe. Ningebadilisha neno la siri nikalala, barua zingeendelea kuvuja. Na namba ya simu ya kurejeshea akaunti? Ya yule wa Mombasa.

Nikafuta kichujio, nikatoa vifaa vyote vilivyokuwa vimeingia, nikaweka namba yangu. Asubuhi nikamweleza shangazi. Akasikiliza huku akichambua mchele, kisha akaniuliza, "Mwanangu, tangu lini mgeni wa daka akapewa ufunguo wa ndani?"

Amekulia kwenye nyumba ya mawe: kuna daka nje ya mlango, kisha kiwanda, yaani ua wa ndani, kisha misana, zile kumbi ndefu, na ndani kabisa chumba cha wenyewe. Kila mtu ana mwisho wake. Nikapanga hivyohivyo. Kila mfanyakazi akapata akaunti yake. Vijana wanaona nafasi za vyumba na majina ya wageni, malipo tunagusa mimi na shangazi tu. Sasa nikiuliza nani aliandika nini, jibu lipo.

Hatua ya pili ya kumthibitisha anayeingia, baada ya neno la siri, ilinisumbua zaidi. Nilianza na namba zinazotumwa kwa ujumbe wa simu, lakini mtandao ukipotea mgeni anasubiri, na laini yenyewe tapeli anaweza kuisajili upya kwenye simu yake. Nikahamia programu inayotoa namba mpya kila sekunde 30, haihitaji hata mtandao. Nayo ina tundu: kijana anayedanganywa aandike neno la siri atadanganywa aandike na namba. Mwisho tukaingia kwenye ufunguo unaokaa ndani ya simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole. Hakuna cha kuandika, na ufunguo huo huitika kwa anwani ya tovuti ulikosajiliwa tu.

Simu ikitumbukia baharini je? Huku kwetu si swali la mzaha. Namba za akiba, za kuingilia bila simu, nilizichapa, ziko kwenye kasha la shangazi chini ya kanga zake. Ndiyo, karatasi tena. Karatasi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kalenda.

Mwezi uliopita kijana wa zamu alinifuata mbio, simu mkononi.

"Ami, simu imeharibika. Nimebonyeza kuingia, haitaki kidole, yaniomba neno la siri. Mimi silijui."

Nikaichukua. Ukurasa ule ule, rangi zile zile. Juu kwenye anwani palikuwa na herufi moja ya ziada.