Ukwaju wa Lola

Jumapili nilikuwa jikoni nakamua ukwaju kwenye maji ya moto, kijana wangu akashuka ngazi, akasimama mlangoni akinusa. Akaniuliza kwa Kiingereza kinachonukia ni nini.

"Ukwaju," nikamjibu.

Akalirudia neno, mkazo akautupa kwenye ile u ya mwanzo, kama wanavyoyatamka majina yetu huku. Ana miaka 19. Ukwaju huohuo aliulamba akiwa na miaka mitano, kwa Lola, ndivyo Wafilipino wanavyomwita bibi, na jina la ukwaju alilijua.

Basi nikaukumbuka uwanja wa ndege.

Ilikuwa Januari 2011, Winnipeg, huku Kanada, iko nyuzi 30 chini ya sifuri, na mwenye gari nilikuwa mimi. Ate akaniomba twende kumpokea mama yake anayetoka Batangas, Ufilipino. Ate maana yake dada mkubwa. Ndivyo tulivyomwita wote pale nyumba ya wazee tulikofanya kazi, na nusu ya zamu ya usiku walikuwa Wafilipino. Wazee wakishalala, mimi na yeye tulikuwa tunatafuta maneno. Meza kwao ni mesa, bendera ni bandila: yetu tuliachiwa na Wareno, yao waliachiwa na Wahispania. Ahsante yao ni salamat, na hiyo ni salama yetu, asili yake Uarabuni. Neno yeye kwao ni siya, awe mwanamume au mwanamke, kama kwetu. Kila neno lililopatana tulilifurahia kama tumekutana na jamaa sokoni.

Binti yake wa miaka saba hakuwa na hata moja kati ya maneno hayo. Sababu Ate alinieleza mara moja tu, tukikunja mashuka. Shuleni kwao, ukiteleza ukasema Kitagalogi, lugha yao, kwenye kipindi cha Kiingereza, unatumbukiza sarafu kwenye kopo la mwalimu. Yeye mtoto wa mvuvi, sarafu hiyo ndiyo nauli yake ya kurudi nyumbani. Wamarekani waliichukua Ufilipino mwaka 1898, na mwaka 1901 walimu wao wakateremka melini kwa mamia kuja kufundisha kwa Kiingereza. Mwaka 1946 wakaondoka, kopo likabaki. Kisha huku Winnipeg mwalimu mmoja wa chekechea akamshauri azungumze Kiingereza tu nyumbani, mtoto asije akachanganyikiwa. Akatii. Alitaka mwanawe asilipe alicholipa yeye. Sikuwa na la kumwambia. Mimi mwenyewe, sekondari, Tanga, nilivalishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema Kiswahili.

Milango ikafunguka, Lola akatoka. Mfupi, mwembamba, sweta mbili moja juu ya nyingine, kandambili na soksi. Anasukuma toroli lenye boksi lililofungwa kamba ya manila huku na huku, kamba tuliyoifungia mizigo kwetu miaka yote bila kuwaza kwamba ina jina la mji wa watu.

Hakumtazama Ate kwanza. Alimtazama mjukuu.

"Apo," akamwita. Mjukuu wangu. "Kumain ka na ba?"

Umeshakula? Kwao hiyo ni salamu. Mtoto akamgeukia mama yake, akanong'ona kwa Kiingereza: anasema nini? Kabla Ate hajajibu, Lola alishanyoosha mkono, kiganja kikitazama chini, vidole vimelegea. Mkono wa namna hiyo hautikiswi. Mtoto anauinua, anauweka kwenye paji la uso wake, anasema mano po. Binti akaushika, akautikisa mara mbili, kama alivyofundishwa shuleni kusalimia wageni, akauachia.

Ule mkono haukurudi. Ulibaki palepale ulipoachiwa, hewani. Mishipa imetuna, ukucha wa kidole gumba una ufa katikati, na harufu ya mafuta ya kuchulia ilinifikia mpaka nilipokuwa nimesimama. Watu wakapita na masanduku yao kulia na kushoto. Ate alikuwa ameinamisha kichwa.

Mwanangu akachomoka mkononi mwangu. Alikuwa amezoeshwa: ukimwona bibi, unamwamkia. Akauchukua ule mkono, akaubusu.

"Shikamoo, bibi."

Lola hakulijua neno hilo, lakini kitendo alikijua. Akaupandisha mkono taratibu mpaka kwenye paji la uso la mwanangu, akautuliza pale.

"Kaawaan ka ng Diyos." Mungu akurehemu. Ndiyo marahaba yao.

Na mimi, palepale, mbele ya rafiki yangu anayejifuta machozi kwa skafu, nilijisifu moyoni. Nikajiona mama niliyelea. Jambo hilo sijapata kumwambia.

Lola aliishi nao miaka sita. Kiingereza alikijua, alikisoma shuleni, na kwa daktari alijieleza bila mkalimani. Jikoni hakukijua. Mjukuu akiomba maji kwa Kiingereza, Lola anashika glasi, anamtazama, uso mkunjufu, kimya, mpaka mtoto aseme tubig. Baadaye tubig nayo haikutosha. Sharti iwe pahingi po ng tubig, kwa adabu yake yote. Mwanangu alishinda huko nikiwa kazini, na jioni Lola anatupikia sinigang, supu yao chachu, ya kamba wa baharini, kwa kuwa nguruwe hatuli, ukwaju umekolea mpaka unafumba jicho moja.

Alipofariki, aliyeongoza rozari siku zote tisa za kumwombea, kwa Kitagalogi, alikuwa yule binti.

Mwanangu hakuna aliyemnyima Kiswahili. Nilikuwa natoka zamu nimechoka, na kumjibu kwa lugha aliyoniulizia kulikuwa kwepesi. Bibi yake alikuwa Tanga, kwenye simu inayokatika. Shikamoo bibi. Marahaba mjukuu wangu, hujambo? Sijambo. Na simu inarudi kwangu. Mama alifariki bila kufika huku. Ate huniambia tofauti ni bibi tu, yeye alimpata wa kukaa naye nyumbani. Labda. Lakini glasi nami ninazo, na mikono ya kuzishika ninayo.

Jumapili ile, baada ya kuulizia ukwaju, kijana akaomba maji, kwa Kiingereza. Nikajaza glasi. Nikaishika. Nikamtazama, nikanyamaza, nikajitahidi uso uwe kama wa Lola.

Akasubiri kidogo, akidhani sijasikia. Kisha akazunguka nyuma yangu, akafungua kabati, akatoa glasi nyingine, akajichotea bombani.