Siku moja na mbwa wa kamba: kumtafuta kulungu aliyeondoka na mshale

Saa 11 alfajiri. Simu ina ujumbe sita, na nje bado giza. Ni katikati ya Novemba hapa Ohio, Marekani, wiki ambazo madume ya kulungu mkia-mweupe wanakimbiza majike hadi wanasahau woga. Dume wa miaka mitano, ambaye Septemba nzima alikuwa akitembea usiku tu, sasa anapita saa 4 asubuhi chini ya dungu la mwindaji. Ndiyo maana simu hailali.

(Kiswahili hakina jina lake hasa. Wasomaji wa Zaburi wanamjua kwa jina la ayala. Wengi husema kulungu, nami nafuata wengi.)

Kazi hii si ya kuwinda. Upinde siubebi. Ninakuja baada ya mambo kuharibika: mshale umeshatoka, mnyama amekimbia, damu imekatika na mwindaji amekwama. Ninakuja na mbwa mmoja mwenye kamba ya mita 10, tunamtafuta mnyama huyo mpaka apatikane au mpaka tuwe na hakika kwamba yu hai. Ukimweleza mtu wa nyumbani, anachosikia ni kwamba nalipwa kutembeza mbwa.

Nusu ya kazi hufanyika kwenye simu kabla ya kuvaa buti. Watu wote sita wameandika kitu kimoja: "Nimempiga vizuri." Sentensi hiyo haina maana yoyote. Ninachotaka ni picha ya mshale ukiwa juu ya karatasi nyeupe, saa kamili alipopiga, mnyama alikuwa amekaaje, aliruka vipi, na nani ameshatembea pale.

Mshale ukiusoma, unakwambia karibu kila kitu. Damu ya waridi yenye vipovu vidogo ni mapafu: subiri nusu saa, uende. Damu nyekundu iliyoiva, kama ya zabibu, ni ini: subiri kwa muda wa saa 4 hadi 6. Wano lenye utelezi wa kijani au kahawia, na harufu inayokufanya ugeuze uso, ni matumbo: subiri kwa muda wa saa 8 hadi 12, na usiguse kitu. Damu nyekundu angavu bila vipovu ni nyama tupu, au ni mshipa mkubwa. Hapo ndipo ninauliza ilikuwa nyingi kiasi gani katika mita 50 za kwanza. Shahamu nyeupe iliyogandia kwenye manyoya ya mshale inamaanisha ulipita mgongoni juu au kidarini chini, na hapo moyo wangu hupoa kidogo, kwa sababu wengi wa hao hupona.

Muda huo wa kusubiri una sababu yake. Risasi ina kishindo, mshale hauna. Kigumba chenye nyembe kinaua kwa kukata, mnyama akavuja damu mpaka shinikizo likashuka. Dume wa kilo 90 ana damu kama lita 6, na lazima apoteze zaidi ya theluthi yake ndipo aanguke. Akipigwa mapafu yote mawili inachukua sekunde chache, mara nyingi ndani ya mita 150. Akipigwa tumbo, hakuna mshipa mkubwa uliokatika. Anakufa polepole, kwa sumu ya uchafu wake mwenyewe. Asipofukuzwa, atatembea kidogo, aone kichaka, alale, na hapo hapo atafia. Akifukuzwa, anaamka na nguvu zote alizobakiwa nazo. Wahadzabe kule Ziwa Eyasi, wakimpiga mnyama mkubwa kwa mshale wa sumu, huacha saa kadhaa zipite kabla ya kuufuata mkondo wake. Hawakufundishwa na mtu yeyote wa Ohio.

Saa 1 na nusu asubuhi, kazi ya kwanza: mapafu, majani makavu, damu ilikatika kwa sababu mshale haukutoka upande wa pili na yote ilibaki ndani ya kifua. Dakika 12, mita 140, mwisho.

Saa 4 asubuhi ndipo siku yenyewe inapoanza.

Mteja alimpiga dume wake mshale jana jioni, saa 11 kasoro dakika 10. "Nyuma kidogo tu ya bega," anasema. Mshale uko kwenye podo lake, na amekwisha ufuta kwa majani. Ninaunusa hata hivyo. Matumbo. Pale alipopiga kuna nywele nyeupe chache, maana yake kigumba kilitokea chini, kwenye kitambi cha tumbo. Kutoka kwenye dungu lenye urefu wa mita 6, mshale unaoingia nyuma ya bega haupaswi kutokea pale. Ninamuuliza dume alifanya nini baada ya kupigwa. Anasema alijikunja mgongo, akatembea hatua chache, akasimama, mkia chini. Naam. Angenieleza hilo kwanza tusingehitaji mshale.

Halafu yanatoka mengine, moja moja, kama mtoto anayekiri makosa. Alisubiri dakika 40. Akafuata na tochi. Katika mita 150 akasikia kitu kizito kikiinuka na kuvunja matawi. Akarudi nyumbani, akaita rafiki zake wanne, na kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 5 wakapekua mlima mzima wakiwa bega kwa bega.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo hata wawindaji wa miaka mingi hawalijui. Mbwa hafuati damu tu. Katikati ya kwato za kulungu, pale zilipogawanyika, kuna tezi inayoacha harufu kila anapokanyaga, na harufu ya mnyama aliyejeruhiwa mbwa anaitofautisha na ya wenzake waliopita njia ileile. Ndiyo maana mbwa mzuri anaweza kufuata siku ya pili, baada ya mvua, pasipo na tone hata moja. Lakini watu watano wakikanyaga damu na kuisambaza kwa buti zao juu ya mlima mzima, unakuwa umemwandikia mbwa barua moja kwa mwandiko wa watu watano.

Siafu, mbwa wangu, ni dachshund mwenye manyoya magumu, kilo 9, miguu kama ya meza ya chai. Watu humcheka mpaka aanze. Aina yake ndiyo John Jeanneney aliyoitumia katika jimbo la New York tangu miaka ya 1970, alipokuwa akiwashawishi wakubwa wa wanyamapori kwamba mbwa aliyefungwa kamba hafukuzi wanyama, anakamilisha kazi iliyoachwa nusu. Mwendo wake mfupi ndiyo faida yake: binadamu anaweza kumfuata, na pua iko chini muda wote.

Mita 150 za kwanza zinatula dakika 50. Siafu anashika njia, inagawanyika mara tatu, anafuata buti ya mtu, anasimama, ananitazama, anarudi. Kosa kubwa la mshika kamba ni kumvuta mbwa kuelekea anakodhani mnyama angekwenda. Nina mambo mengi kichwani: eti aliyejeruhiwa hapandi mlima, eti lazima ateremke kwenye maji. Wanapanda. Wanafanya wanavyotaka. Kwa hiyo ninaacha kamba ilegee, ninasimama, ninamwangalia mkia. Ukitikisika haraka na mgongo ukinyooka, yuko juu ya njia. Kichwa kikiinuka, ameipita.

Tunafika kwenye lalo la kwanza. Majani yamelala, yamebonyea kwa umbo la mwili, na upande mmoja kuna doa jeusi la damu lenye ukubwa wa sahani, na utelezi wa kahawia. Alikuwa amelala hapa. Hapa ndipo alipoamshwa. Mteja anaangalia lile doa, haniulizi kitu, nami simwambii.

Baada ya hapo hakuna tone. Si ajabu: tundu la tumboni huzibwa na utumbo na shahamu, damu ikabaki ndani. Majani ya mialoni yana madoa mekundu ya kuvu, na mteja anapiga kelele "damu!" kila hatua kumi. Ninatoa chupa ya kunyunyizia yenye haidrojeni peroksaidi, ile ya asilimia 3 ya kusafishia vidonda. Ikigusa damu inatoa povu jeupe. Ikigusa kuvu inakaa kimya. Madoa tisa, kimya. La kumi, dogo kama kichwa cha kiberiti, linatoa povu. Tunafunga karatasi ya chooni kwenye tawi, tunaendelea. Karatasi hizo ukizitazama kwa nyuma zinakuonyesha mstari. Mnyama ana mwelekeo hata kama wewe huuoni.

Juu ya mgongo wa mlima Siafu anapita mita 30, anainua kichwa, anarudi, anazunguka. Dume mkomavu hana tabia ya kukimbia moja kwa moja. Anageuka, anarudi sambamba na njia yake, analala upande wa chini wa upepo ili amnuse anayemfuata. Hilo ndilo lililofanyika. Lalo la pili liko mita 40 kutoka kwenye njia tuliyopita, halina damu, lina nywele tatu na unyevu. Inaelekea alikuwa amelala hapa jana usiku akiwasikiliza watu watano wakiongea.

Kisha uzio wa waya. Sheria ya Ohio inataka ruhusa ya maandishi ya mwenye ardhi, na mnyama aliyejeruhiwa hakufungulii shamba la mtu. Jirani yuko kazini. Mteja anataka turuke, "ni dakika mbili tu". Haturuki. Ninaketi juu ya gogo, Siafu anakunywa maji na kulala juu ya buti yangu. Saa nzima. Saa moja na nusu. Mteja anatembea huku na huku, anaangalia saa, anaangalia tai wanaozunguka mbali, anataka kunionyesha picha za dume huyo za kamera ya mtini: shingo imevimba, tumbo limelegea chini, miguu ya nyuma myeusi penye tezi. Miaka mitatu anamfuata. Alipita mara mbili mbele yake bila kupigwa kwa sababu pembe hazikuwa zimefika. Subira yote hiyo ya miaka, halafu ikamwishia kwa dakika 40.

Ujumbe wa jirani unafika. Tunavuka. Sijui tena ni saa ngapi. Najua tu kwamba magoti yanaumia na kwamba upande huu umejaa waridi pori, lile la kutoka Asia lililopandwa zamani kama ua wa mifugo na sasa limemeza mabonde. Siafu anapita chini yake. Mimi napita ndani yake. Kofia inabaki kwenye mwiba, naiacha.

Kijito. Harufu inaishia ukingoni. Tunajaribu ng'ambo: hakuna. Tunarudi, tunashuka na maji ukingo wa kushoto, mita 20, hakuna; ukingo wa kulia, hakuna. Mteja anasema labda basi. Mita 60 chini, Siafu anageuza kichwa ghafla kana kwamba ameitwa jina, anatoka majini, na kamba inakaza mkononi mwangu kiasi cha kuniuma.

Amelala kwenye matete, kichwa kimeelekea alikotoka. Ninasimama nyuma yake na kugusa jicho kwa ncha ya kijiti kirefu. Kulungu aliyekufa huwa amefumbua macho. Ukikuta yamefumbwa, rudi nyuma. Haya yako wazi, hayapepesi. Kilomita 1 na kidogo kutoka kwenye dungu.

Tumbo limejaa gesi, lakini usiku ulishuka hadi nyuzi 3 na kijito kimempoza. Mapaja na mabega yatafaa. Minofu ya ndani, iliyolala juu ya utumbo, imeshaharibika. Ninamwambia aikate na kuitupa, asiioshe akidhani itasafika. Siafu anapewa haki yake: dakika tano za kung'oa manyoya ya shingo na kujiona simba. Ukimnyima hilo, kesho hatafanya kazi.

Mteja amepiga magoti, ameshika pembe. Baada ya muda anauliza, bila kuinua uso: kama asingemfuata ile jana, angekuwa wapi?

"Kwenye lalo la kwanza."

Mita 150. Sasa ana kilo 95 za kuvuta kurudi mlimani, labda 75 akishatoa matumbo, na rafiki zake wanne leo hawapokei simu.

Giza limeingia tayari. Jua hapa Novemba linazama saa 11 na robo jioni. Garini ninamkagua Siafu kwa vidole: kupe wawili nyuma ya sikio, mmoja kwapani. Baridi ya Novemba haiwaui kupe wakubwa wa kulungu, ndiyo wakati wao. Mimi mwenyewe nina watatu.

Kuna simu ya njiani: shahamu kwenye mshale, damu angavu mita 300 kisha imekauka, mnyama alionekana asubuhi akila. Ninamwambia yu hai, amwache. Hapendi jibu hilo. Wachache hulipenda.

Nyumbani, kabla ya kuoga, ninatoa kwato mbili kwenye friza ziyeyuke barafu nje usiku. Jumapili nitazifunga chini ya viatu na kumtembezea mbwa mdogo njia ya mazoezi. Simu inawaka tena mezani.

"Nimempiga vizuri," inasema.

Ninaandika: usimfuate. Weka mshale juu ya karatasi nyeupe, nitumie picha.