Milimita Tatu

"Bibi, hii zipu inafunguka?"

Mjukuu wangu alikuwa amejilaza mapajani, kidole chake kikipanda na kushuka juu ya kovu la mkono wa kulia. Nikamwambia haifunguki. Hakuridhika.

Mnakumbuka nilivyoteseka na mkono ule. Kukamua nguo siwezi, kuzungusha kitasa siwezi, kifuniko cha chupa ndiyo kabisa. Nikajiambia ni baridi yabisi ya uzee. Daktari wa mifupa akanipiga eksirei, mkono umeinuliwa usawa wa bega na kiwiko kimekunjwa, maana ukiugeuza kidogo tu, urefu wa ile mifupa miwili iliyo kati ya kiwiko na kifundo hubadilika pichani. Akachora mstari kwa penseli. Mfupa wa upande wa kidole cha mwisho ulikuwa umempita mwenzake milimita tatu. Kwa kawaida, alisema, huo hubeba kama asilimia 20 tu ya mzigo unaopita kwenye kifundo cha mkono. Ukizidi urefu kwa milimita mbili na nusu, mzigo wake huwa kama maradufu. Gegedu la upande ule, ile sehemu laini inayofunika ncha za mifupa, lilikuwa limeanza kulika.

"Uliwahi kuanguka utotoni, ukaumia mkono huu?"

"Hapana, daktari."

Siku ya upasuaji wa kuufupisha mfupa ule sikulazwa usingizi. Walinichoma ganzi karibu na bega, mkono ukawa kama mzigo wa mtu mwingine aliouacha kando yangu. Mbele yangu pazia la kijani. Msumeno ulipoanza sikuhisi maumivu hata kidogo, ila mtetemo uliniingia menoni. Muuguzi alikuwa akimwaga maji taratibu, mfupa usiungue kwa joto la msumeno. Ukanyamaza, ukaanza tena. Kisha kitu kikagonga kwenye sinia, ti! Nikaomba kukiona. Daktari akakiinua kwa koleo juu ya pazia: kipande cha mviringo, chembamba, kama kifungo cha shati kilichopakwa damu.

Nikiwa nakitazama, ule mti ukanirudia. Nina miaka kumi na mmoja, nimekatazwa kuupanda, niko chini nimeshika mkono. Mama nilimwambia nimelala vibaya. Nikaufunga kitambaa wiki mbili. Mfupa wa mtoto hurefukia karibu na ncha zake. Hapo pakiumia vibaya, unaweza kukoma kukua na mwenzake akaendelea. Labda ndivyo ilivyokuwa. Labda nilizaliwa hivyo, wapo wengi. Daktari aliniuliza, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamficha kama nilivyomficha mama.

Wakafunga bamba la chuma na skrubu sita. Miezi mitatu mfupa ukaunga. Gegedu lililolika halikurudi, asubuhi bado kifundo hunikaba, lakini nguo nakamua.

"Sasa Bibi, mkono ulifanyaje mpaka wakaukata?"

"Nililala vibaya," nikamjibu.