Barua za Babu Kutoka Machimbo ya Lupa

Tangu nirejee Tukuyu baada ya miaka mingi ya kuishi Uingereza, jambo lililonishughulisha kuliko yote ni furushi la barua ambazo shangazi amezitunza katika sanduku la bati tangu bibi alipofariki. Ziliandikwa na babu katika miaka ya 1930, alipokuwa kibarua kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya. Babu alisoma katika shule ya misheni ya Wamoraviani hapa Rungwe, hivyo hakuhitaji mtu wa kumwandikia, na ni dhahiri kwamba wenzake walimtegemea, kwa kuwa pembezoni mwa karatasi zake zimebanwa salamu za watu wengine kwa wake zao na mama zao.

Anayezifungua akitarajia habari za dhahabu atasubiri sana. Babu huitaja mara chache, tena kwa ufupi, kama mali ya mwenye eneo isiyomhusu yeye. Anachokieleza kwa kirefu ni chakula na maji. Mtu aliyekulia kwenye migomba na mvua za Rungwe alijikuta katika nchi ya joto na vumbi, akiishi kwa posho ya unga wa mahindi na kuhesabu siku za kupata kitoweo. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Lupa ilitapakaa katika mchanga wa mabonde ambayo vijito vyake hukauka wakati wa kiangazi, na palipokosekana maji ya kuoshea mchanga huo, ulipepetwa ukiwa mkavu. Babu anamweleza bibi kuhusu kikohozi kisichomwacha, halafu papo hapo anaulizia hali ya migomba, na kwangu mimi hakuna sentensi inayoonyesha upweke wake vizuri zaidi.

Hakwenda huko kwa tamaa ya utajiri. Serikali ya kikoloni ilidai kodi kwa fedha taslimu, na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulikuwa umeangusha bei za mazao. Dhahabu peke yake ilikwenda kinyume: Uingereza ilipoacha kuifungamanisha sarafu yake na dhahabu mwaka 1931, bei ilipanda, na mwaka 1934 Marekani ikaipandisha kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa aunsi. Maamuzi ya London na Washington yakawatoa vijana wa Rungwe majumbani, wakaivuka milima ya Mbeya kwa miguu, wakipita katika mji wa Mbeya ambao nao ulianzishwa mwaka 1927 kwa ajili ya machimbo hayo hayo.

Majibu ya bibi hayakubaki hata moja. Hata hivyo yanasomeka ndani ya maneno ya babu, na hapo ndipo mimi nimetumia muda wangu mwingi. Katika barua moja anaagiza ndama asiuzwe kwa hali yoyote. Katika inayofuata anakubali kwamba ndama amekwisha kuuzwa, na anamshukuru bibi kwa kuwa fedha hizo zimelipa kodi ya mdogo wake. Palitokea mgogoro wa mpaka wa shamba, mtoto akaugua, paa likavuja, na kila mara ushauri wa babu ulifika baada ya bibi kuamua. Kwa kuwa mila ya Wanyakyusa ilimkataza mke kukutana na baba mkwe wake, babu aliandika karatasi mbili, moja ya heshima na salamu ndefu kwa baba yake, nyingine ya mkewe, ambayo alisomewa pembeni na kijana wa kanisani.

Historia ya Lupa husimuliwa kwa kutaja wagunduzi, makampuni na uzito wa dhahabu iliyochimbwa. Naamini kwa dhati kwamba simulizi hiyo ina pengo kubwa, kwa sababu ujira wa babu haukutosha kulisha familia, na kama bibi asingelima, kuuza na kuamua, babu asingeweza kukaa machimboni hata msimu mmoja. Wanawake wa Rungwe waliyabeba machimbo yale bila kuyaona.

Nimefika Chunya pia. Uchimbaji haujakoma: wachimbaji wadogo wanaendelea Itumbi na Matundasi, karasha zinasaga mawe, zebaki bado inashikwa kwa mikono mitupu, jambo linalonitia hofu, na tangu mwaka 2019 kuna soko rasmi la dhahabu. Vijana niliozungumza nao hutuma fedha nyumbani kwa simu, na wanayoyajadili na wake zao ni unga, ada na dawa, kama ambavyo mimi na mama tulivyojadili miaka yote niliyokuwa ng'ambo.

Sasa ninazinakili barua hizo kwa mkono, shangazi akinisaidia pale wino ulipofifia, na tunazitafuta familia ambazo salamu zao zimeandikwa pembezoni. Katika baadhi ya nyumba hakuna aliyejua kwamba babu yao aliwahi kufika Lupa. Kila familia inapewa nakala ya ukurasa wenye jina la mtu wake, na barua zenyewe zinabaki kwa shangazi.