Dishi au bando? Hesabu saa za televisheni kabla ya kung'oa ungo

Tangu televisheni zenye intaneti zishuke bei, swali ni lilelile: nibaki na king'amuzi, au niache kulipia kifurushi nihamie Netflix, YouTube na wenzao? Wengi huweka bei ya kifurushi upande mmoja na bei ya akaunti upande wa pili, wakaona akaunti ni rahisi, wakamwita fundi aje kushusha dishi. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa kuwa akaunti ni nusu tu ya gharama. Nusu ya pili, tena mara nyingi ndiyo kubwa, ni intaneti inayobeba picha.

Dishi hulipiwa kwa mwezi. Televisheni iwake saa moja kwa siku au kumi na sita, iwe na mtazamaji mmoja au majirani kumi na tano waliokuja kwa ajili ya mechi, kifurushi hakiongezeki. Bando ni kinyume chake. Kila dakika ina bei yake, na mtoto akifungua katuni chumbani huku sebuleni kuna taarifa ya habari, matumizi yanakaribia mara mbili. Kwa hiyo cha kujua kwanza ni televisheni ya nyumba yenu inawaka saa ngapi kwa siku.

Ukishajua, hesabu ni nyepesi. Mbps 1 (megabiti moja kwa sekunde, kipimo cha kasi ya intaneti) ikipita kwa saa nzima inakula MB 450, yaani unazidisha kasi ya picha kwa 0.45 ili kupata GB kwa saa. Tuseme televisheni inawaka kuanzia saa 12 jioni hadi saa 5 usiku, na picha inakwenda kwa Mbps 3. Hiyo ni GB 1.35 kwa saa, GB 6.75 kwa jioni moja, na zaidi ya GB 200 kwa mwezi. Angalia mtandao wako unauza GB 200 kwa shilingi ngapi, kisha linganisha na kifurushi cha dishi. Unaweza kushusha ubora: kiwango cha chini kabisa katika mipangilio ya Netflix hutumia takriban GB 0.3 kwa saa, hivyo mwezi uleule unashuka hadi GB 45. Kwenye simu picha hiyo inatosha. Kwenye televisheni ya inchi 43 nyuso za watu zinakuwa na ukungu, na maandishi madogo hayasomeki.

Msimamo wangu ni huu: kwa nyumba inayotegemea bando la GB na ambayo televisheni yake huwaka jioni nzima, dishi ni nafuu, tena kwa mbali. Hesabu inageuka pale tu unapokuwa na faiba au intaneti nyingine ya kulipia kwa mwezi bila kuhesabiwa GB. Hata hapo soma masharti ya "matumizi ya haki". Vifurushi vingi visivyo na kikomo hupunguza kasi ukivuka kiwango fulani, na picha nzuri ya tarehe 5 inakuwa ya kukwamakwama tarehe 25.

Kasi uliyouziwa pia si kasi utakayopata. Netflix wanapendekeza Mbps 3 kwa picha ya 720p (HD ya kawaida), 5 kwa 1080p (HD kamili) na 15 kwa 4K, iliyo kali kuliko zote. Fungua fast.com, tovuti ya kupima kasi, kwenye kivinjari cha televisheni yenyewe, au kwenye simu uliyoiweka palepale ilipo televisheni, saa 2 usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni. Pima siku tatu, mojawapo iwe Jumamosi au Jumapili, na ushike namba ndogo kuliko zote. Ikiwa ni mara mbili ya mahitaji ya skrini zote zitakazowaka pamoja, uko salama. Ikiwa ndogo, usilaumu kampuni kabla ya kukagua nyumba. Wi-Fi ya 5 GHz ina kasi lakini inachoka haraka kwenye kuta za tofali za saruji, ya 2.4 GHz inapenya vizuri zaidi ila inagombaniwa na rauta za majirani. Rauta iliyofichwa kabatini au nyuma ya friji inapoteza nguvu bure. Dawa ya uhakika ni waya wa mtandao wa Cat5e kutoka rauta hadi televisheni. Tundu la waya kwenye televisheni nyingi lina kikomo cha Mbps 100, na 4K inahitaji 15 tu, kwa hiyo usihangaike na waya wa bei kubwa.

Jihadhari pia na visanduku vya Android vya bei poa. Kisanduku ambacho hakijaidhinishwa kwa ulinzi wa picha wa Widevine daraja la L1 kitakupa Netflix ya 480p hata ukiwa na faiba ya Mbps 100. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela, na umwombe akionyeshe kikicheza HD.

Tuje kwenye mpira, maana hapo ndipo maamuzi mengi huvunjika. Ligi Kuu ya Tanzania iko Azam TV na Ligi Kuu ya England iko SuperSport ya DStv. Zote zina programu za intaneti, AzamTV Max na DStv Stream, lakini hizo nazo zinalipiwa. Netflix haikuletei Simba na Yanga. Kuna na suala la kuchelewa. Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na safari ya kupanda na kushuka inachukua kama robo sekunde, ukiongeza sekunde chache za kuandaa picha. Intaneti inakata picha vipande vipande na kuvilimbikiza kabla ya kucheza, kwa hiyo kubaki nyuma nusu dakika au zaidi ni kawaida. Jirani mwenye dishi atashangilia bao kabla mpira wako haujavuka katikati ya uwanja. Kwa mpenzi wa mpira hilo ni jambo kubwa, na hakuna mpangilio wa kuliondoa kabisa.

Ukiamua kubaki na dishi, lifungwe vizuri. Lawama nyingi dhidi ya "setilaiti mbovu" ni za ufungaji. Kwa Dar es Salaam, setilaiti ya DStv, iliyo kwenye longitudo ya nyuzi 36 Mashariki, iko karibu utosini: nyuzi 81 juu ya upeo wa macho, upande wa kaskazini ukiegemea kidogo magharibi. Ya Azam TV iko nyuzi 7 Mashariki, na hapa unaitazama magharibi, dira ikisoma kama 281, kwa kimo cha nyuzi 52. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mahali pa kufungia. Dishi la DStv linasumbuliwa na upenu au tawi la mwembe lililo juu yake tu. La Azam linazibwa na mnazi au ghorofa la upande wa magharibi: kitu kinacholizidi dishi kwa mita 10 kinapaswa kuwa mbali zaidi ya mita 8. Usisahau kwamba mnazi unakua. Unaposoma dira ya simu simama mbali na mabati, chuma huipotosha.

Nguzo iwe wima kwa pimamaji, la sivyo kila ukizungusha dishi kimo nacho kinabadilika na utahangaika kutwa. Zungusha kidogo sana, kisha subiri sekunde 3 au 4 king'amuzi kijibu. Kwenye skrini fuata mstari wa ubora, si wa nguvu. Nguvu kubwa na ubora sifuri mara nyingi ni setilaiti nyingine au LNB (kichwa kinachopokea mawimbi mbele ya dishi) iliyokaa upande.

Waya wa kutoka dishi hadi king'amuzi uwe wa aina ya RG6, mfupi kadiri inavyowezekana. King'amuzi hupeleka volti 13 kwenye LNB kwa chaneli zinazorushwa kwa mawimbi ya wima na volti 18 kwa za mlalo. Waya mbaya au kiungio chenye kutu kinapunguza hiyo 18, na kundi zima la chaneli linapotea huku nyingine zikionyesha vizuri. Ukiona hivyo, kagua viungio kabla ya kununua LNB mpya. Nyuzi za wavu wa waya zisiguse shaba ya katikati hata moja, na uchomoe king'amuzi kwenye umeme kabla ya kufungua kiungio chochote. Acha waya uning'inie kidogo chini ya LNB ili maji yadondoke badala ya kuingia, na ufunge kiungio kwa tepu ya mpira. Ukanda wa pwani chumvi inakula chuma: tafuta dishi la alumini au la mabati yaliyopakwa zinki, na bolti zipake grisi. Kifuniko cha LNB kilichopasuka kwa jua ni nyumba ya nyigu.

Picha ikikatika wakati wa masika, mara nyingi dishi ni dogo au halijalengwa barabara. Dishi la sentimita 90 lina eneo mara 2.25 ya lile la 60, na akiba hiyo ndiyo inayovuka mvua ya wastani; mvua kubwa kabisa itakata tu. Mwezi Machi na Septemba, kwa siku chache, jua hupita nyuma ya setilaiti na picha hupotea kwa dakika kadhaa, kwa Azam karibu saa 9 alasiri, kwa DStv muda mfupi baada ya saa 6 mchana. Usipande juu ya bati siku hiyo. Na kwa wa DStv, ukiona ujumbe kwenye skrini: E48-32 ni tatizo la signali, E16 ni la malipo. Kwa E16 king'amuzi kiwe kimewashwa unapolipia, fundi hahitajiki.

Kizuri ni kwamba pande zote mbili unalipia kabla ya kutumia, kwa hiyo huna haja ya kuoa upande mmoja. Lipia dishi msimu wa ligi, kuanzia Agosti hadi Mei, na Juni na Julai kaa na intaneti. Kabla ya kuamua moja kwa moja, acha kifurushi kiishe, usilipie mwezi mmoja, na uandike GB zilizotumika kila jioni. Dishi libaki juu na waya ukiwa umefungwa kwenye LNB, kwa sababu kiungio kilichoachwa wazi kitakuwa kimeingia maji siku utakayolihitaji tena.